Jasusi Aliyefiwa na Mwandishi Wake

Mwandishi wa riwaya anapofariki dunia huacha nyuma yake watu wa aina mbili: wale waliomzika, ambao siku yao ikifika nao watazikwa, na wale aliowaumba kwa maneno, ambao hawana kaburi kwa sababu hawakuwahi kuwa na mwili. Katika kundi hili la pili, jasusi wa riwaya za mfululizo, yaani zile ambazo mhusika mkuu hutoka kitabu kimoja na kuingia kingine akiwa na jina na tabia ileile, ndiye anayeachwa katika hali ngumu kuliko wote, maana kazi yake haina mwisho na msomaji amezoea kumsubiri. Je, mwandishi mwingine ana haki ya kumwita tena kazini, na akimwita, anayeitika ni nani? Swali hili hujadiliwa kwa kawaida kama jambo la biashara ya vitabu, ilhali kiini chake ni cha dini na falsafa, kwa kuwa linahusu jina, mauti, na deni ambalo walio hai wanadaiwa na waliotangulia. Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, Kenya, ambako jamii ya Wakipsigis imelitafakari jina la marehemu kwa vizazi vingi kabla ya riwaya kufika, yapo mawazo yanayoweza kuliangaza swali hili kuliko mikataba ya wachapishaji.

Fasihi ya Kiswahili inao majasusi na wapelelezi wa namna hiyo. Aristablus Elvis Musiba alimzaa Willy Gamba katika Kufa na Kupona, riwaya iliyochapishwa Nairobi mwaka 1974 na East African Literature Bureau, shirika lililozihudumia Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Akaendelea naye katika Kikosi cha Kisasi mwaka 1979, katika Njama mwaka 1981, na katika vitabu vilivyofuata, hadi Musiba mwenyewe alipofariki mwaka 2010. Ben Mtobwa, aliyemwumba Joram Kiango, alikuwa amemtangulia miaka miwili, mwaka 2008. Kabla yao Muhammad Said Abdulla wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 1991, alikuwa amemwacha Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko ambaye hakuwa jasusi wa serikali lakini aliwafungulia njia wote waliofuata. Wahusika hawa watatu wamebaki mdomoni mwa wasomaji kana kwamba ni majirani waliohama mtaa, na msomaji aliyewapenda hawezi kulaumiwa akiuliza walielekea wapi.

Nje ya Afrika Mashariki jibu limekwisha kutolewa kwa vitendo, tena mara nyingi. Ian Fleming alifariki mwaka 1964, na mwaka 1968 Kingsley Amis, kwa jina la kubuni la Robert Markham, alitoa riwaya mpya ya James Bond. Baadaye John Gardner aliandika riwaya 14 mpya za Bond, ambapo Fleming mwenyewe alikuwa ameandika 12. Robert Ludlum alifariki mwaka 2001 akiwa ameandika vitabu vitatu vya Jason Bourne, na Eric Van Lustbader akaviongeza kuanzia mwaka 2004 hadi vile vya mrithi vikazidi vya mwenyewe. John le Carré alifariki Desemba 2020, na mwaka 2024 mwanawe, Nick Harkaway, alitoa Karla's Choice, riwaya inayomrudisha jasusi George Smiley katika mwaka 1963, kwenye pengo ambalo baba yake aliliacha kati ya vitabu vyake viwili. Mwana huyo hakumsukuma Smiley mbele kuelekea nyakati ambazo baba yake hakuziona. Alichagua kukaa naye ndani ya nyumba aliyoijenga baba, katika chumba ambacho hakikuwa kimefunguliwa. Uamuzi huo una heshima ndani yake, na unastahili kukumbukwa katika yote yatakayofuata.

Kwa desturi ya Wakipsigis, mtoto anapozaliwa hupewa jina linaloitwa kurenet, neno lenye maana ya kuita. Wanawake wazee hukusanyika kwa mtoto mchanga na kuyataja majina ya waliokufa wa ukoo wake, moja baada ya jingine, na jina ambalo mtoto analipigia chafya ndilo linalokuwa lake, kwa maana chafya huchukuliwa kuwa itiko. Wakati mwingine ugoro hutumika ili chafya isikawie. Imani iliyo nyuma ya tendo hili ni kwamba oiik, yaani roho za wazee waliotangulia, hawajakatika na nyumba zao, na kwamba mmoja wao amekubali kurudi kwa njia ya mtoto huyu. Jina hili husimama kando ya majina mengine ambayo mtoto hupata, kama yale ya Kip na Chep yanayoeleza saa au hali aliyozaliwa nayo, na kando ya jina la ubatizo, kwani Kericho na Bomet ni nchi ya makanisa, na familia nyingi zinazomwita mtoto kwa jina la Biblia hazijaacha kumkumbuka kwa jina la babu.

Mambo matatu katika desturi hiyo yanastahili kutazamwa kwa makini na yeyote anayewazia kumrithi mwandishi marehemu. La kwanza ni kwamba jina haliporwi. Huitwa mbele ya mashahidi, kwa sauti, na wale wanaolijua. La pili, jina linaweza kukataliwa, kwa maana mtoto asipopiga chafya wanawake hawamlazimishi, bali huendelea na jina jingine. La tatu, na hapa ndipo wageni wengi walioandika juu ya imani za Kiafrika walipoteleza, ni kwamba mtoto aliyepewa jina la babu hageuki kuwa babu. Hadai ng'ombe wa babu, halipi madeni ya babu, wala hakuna anayemtarajia azungumze kwa sauti ya mtu mzima. Analibeba jina, na jina linambeba yeye, lakini maisha atakayoyaishi ni yake, na siku moja yataongezwa juu ya jina hilo ili atakayelipokea baadaye alipokee likiwa zito zaidi. Mfumo wa ibinda, yaani rika la watu waliopita tohara katika kipindi kimoja, hufuata mantiki hiyohiyo kwa kiwango kikubwa zaidi: majina kama Maina, Chumo, Sawe, Kaplelach na Nyongi huzunguka na kurudi baada ya takriban karne moja, na hakuna mzee anayewachanganya vijana wa Maina mpya na Maina waliokwisha kuwa udongo.

Tukilichukua wazo hili hadi kwa Willy Gamba, linaondoa kosa moja ambalo mashabiki na wachapishaji hulifanya kwa pamoja, nalo ni kudhani kwamba mrithi mwema ni yule ambaye msomaji hawezi kumtofautisha na marehemu. Kazi ya namna hiyo ina mfano wake katika mashamba ya Kericho. Chai ya zamani ilipandwa kwa mbegu, na kila mti wa mbegu una tabia yake, ndiyo maana shamba la chai ya mbegu lina vichaka vinavyotofautiana kwa umbo, kwa rangi ya majani na kwa mavuno. Chai ya vipandikizi hutokana na kikonyo chenye jani moja kilichokatwa kwenye kichaka mama, na mche unaoota una urithi uleule wa mama bila nyongeza ya baba yeyote. Vipandikizi vimeleta mavuno mengi, na kituo cha utafiti wa chai cha Timbilil, Kericho, kimefanya kazi kubwa ya kuvichagua na kuvisambaza. Lakini watafiti haohao wanajua kwamba shamba zima la kipandikizi kimoja lina udhaifu mmoja, hivyo ugonjwa ukipata njia kwa kichaka kimoja umepata njia kwa vyote, na kwamba aina mpya kabisa, kama ile chai ya zambarau iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011, haipatikani kwa kukata vikonyo vya mama mmoja bali kwa kuchanganya mbegu. Mwandishi anayeiga sentensi za Musiba, mapigo ya mapigano yake, na namna yake ya kumwingiza Gamba hotelini, anakata kikonyo. Kitaota. Msomaji atakunywa na kuitambua ladha, ila hakuna kitu kitakachokuwa kimezaliwa.

Muhammad Said Abdulla alifanya kinyume cha hayo, na kwa sababu hiyo anastahili sifa kuliko anavyopewa. Ni wazi kwamba alimfahamu Sherlock Holmes, kwani Bwana Msa ana kiko, ana akili inayopenda alama ndogondogo, na ana rafiki wa kumsindikiza. Hata hivyo Abdulla hakumleta Holmes Zanzibar wala hakudai kuendeleza kazi ya Conan Doyle, bali alimzaa mtu mwingine mwenye jina la kwao na mazungumzo ya kwao. Kwa lugha ya Wakipsigis ingesemwa kwamba jina la mhenga liliitwa, na aliyepiga chafya alikuwa mtoto wa nyumba nyingine kabisa.

Kuna hoja nzito dhidi ya urithi wote wa namna hii, nayo ni kwamba marehemu hakuulizwa. Mtakatifu au nabii anaweza kumteua mrithi wake akiwa hai, kama Eliya alivyomtupia Elisha vazi lake shambani, lakini mwandishi wa riwaya aghalabu hufa bila kusema lolote juu ya mtu wake wa kubuni. Je, ukimya wake ni ruhusa au ni katazo? Biblia, ambayo katika nchi ya chai husomwa kwa bidii kuliko kitabu kingine chochote, ina kisa cha kitabu kilichoendelea baada ya mwandishi wake: sura ya mwisho ya Kumbukumbu la Torati inasimulia kifo na maziko ya Musa, ambaye mapokeo yanamtaja kuwa ndiye aliyekiandika, na walimu wa Kiyahudi katika Talmud walilitambua tatizo hilo, baadhi yao wakajibu kwamba Yoshua ndiye aliyeandika aya nane za mwisho. Jibu hilo lina busara, kwa sababu linautaja mkono wa pili kwa jina lake badala ya kujifanya kwamba mfu aliandika habari za kuzikwa kwake.

Lakini kisa kinacholifikia swali hili kwa ukaribu zaidi ni cha Ruthu. Torati iliagiza kwamba mtu akifa bila mwana, ndugu yake amchukue mjane ili mzaliwa wa kwanza asimame katika jina la marehemu, jina hilo lisifutike. Katika kitabu cha Ruthu, jamaa wa karibu zaidi anakataa wajibu huo kwa kuhofu kuuharibu urithi wake mwenyewe, na Boazi ndiye anayekubali, akitamka mbele ya wazee langoni kwamba anafanya hivyo ili jina la Mahloni, marehemu mume wa Ruthu, lisipotee. Obedi anazaliwa. Ndipo msomaji anafika kwenye orodha ya vizazi inayokifunga kitabu na kukuta kwamba Obedi anahesabiwa kuwa mwana wa Boazi. Mahloni, ambaye kwa ajili yake jambo zima lilifanyika, hatajwi katika orodha hiyo. Wafasiri wamelieleza jambo hili kwa njia mbalimbali, lakini kwa swali lililopo hapa maana yake iko wazi: jina la marehemu lilitunzwa kwa tendo la hadhara na kwa kitabu chenyewe kilicholisimulia tendo hilo, na wakati huohuo ukweli wa nani alimzaa mtoto haukufichwa ili kumpendeza mfu. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja bila kugombana.

Wakipsigis na ndugu zao Wanandi wanayo taasisi inayokaribiana na hiyo. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kumwoa mwanamke mwingine kwa ndoa inayoitwa kitunji toloch, ambamo toloch ni nguzo ya kuegemeza kitu kisianguke, na watoto wa mke huyo, ingawa walizaliwa na mwanamume wa nje, walihesabiwa kuwa wa nyumba ya aliyeoa na wakarithi katika nyumba hiyo. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Kenya mjini Mombasa iliitambua ndoa ya aina hii kwa desturi za Kinandi katika shauri la mirathi. Watu wasioijua huwaza kwamba ni udanganyifu, kana kwamba jamii inajifanya mwanamke mzee amemzaa mtoto. Ukweli ni kwamba kila mtu kijijini anafahamu mambo yalivyo, na uhalali wa mtoto unatokana na ufahamu huo wa wote. Nguzo inaonekana kuwa ni nguzo, na hakuna anayeipaka rangi ya ukuta.

Hapo ndipo mpaka wa haki unapopaswa kuchorwa katika riwaya. V. C. Andrews, mwandishi wa Marekani aliyefariki mwaka 1986, aliendelea kutoa vitabu vipya kwa miongo kadhaa, kwa kuwa Andrew Neiderman aliviandika na jalada likabaki na jina la marehemu. Hiyo si toloch. Ni ukuta uliopakwa rangi juu ya nguzo, na waliodhurika ni wawili: msomaji, aliyeaminishwa kwamba anasikia sauti ya mtu fulani, na marehemu, aliyefanywa aseme asichokisema. Wafu hawawezi kukanusha, na kwa sababu hiyo maneno wanayotiliwa mdomoni ni mazito kuliko yale anayosingiziwa mtu aliye hai.

Sheria inagusa sehemu tu ya jambo hili. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 na ile ya Tanzania ya mwaka 1999 zinalinda kazi ya fasihi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo vitabu vya Musiba viko chini ya ulinzi hadi mwaka 2060, na sheria ya Kenya inatambua pia haki za kimaadili, yaani haki ya mtunzi kutajwa kuwa mtunzi na kupinga kazi yake kupotoshwa, ambazo baada ya kifo hupita kwa warithi. Ila mrithi wa mali si lazima awe mlinzi wa maana. Mwandishi wa Sweden, Stieg Larsson, alifariki mwaka 2004 bila wosia halali. Mali na haki zake zikaenda kwa baba na ndugu yake, huku mwenzi aliyeishi naye kwa zaidi ya miaka 30 bila ndoa akibaki nje, na riwaya mpya za wahusika wa Larsson zilipoanza kutolewa mwaka 2015 kwa mkono wa David Lagercrantz, mwenzi huyo alizipinga hadharani. Kwa upande wa sheria, ridhaa ilipatikana. Katika duara la wanawake wanaolijua jina, aliyelijua kuliko wote hakuwemo.

John Mbiti, kasisi na mwanafalsafa wa Kenya aliyefariki mwaka 2019, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika kwamba wafu ambao bado wanakumbukwa kwa majina na waliowafahamu ni wafu walio hai, wanaoishi katika kipindi alichokiita kwa neno la Kiswahili Sasa. Anapokufa mtu wa mwisho aliyewafahamu, huzama katika Zamani. Nadharia yake ya wakati imekosolewa, na baadhi ya ukosoaji huo una haki, lakini inasaidia kuona hatari ambayo watetezi wa mifululizo hawaitaji. Husemwa kwamba kumwendeleza mhusika kunamweka hai mwandishi wake. Mara nyingi hutokea kinyume: mamilioni ya watu wanamjua Bond na hawamjui Fleming. Mhusika anabaki katika Sasa na kumsukuma muumba wake katika Zamani. Katika mashamba ya Kericho majina ya wenye mashamba yamebadilika mara kwa mara, kutoka Brooke Bond hadi Unilever, Ekaterra na Lipton, na vichaka vimebaki vilevile vikichumwa majani mawili na chipukizi. Katika riwaya za mfululizo jina ndilo linalobaki na mti ndio unaong'olewa chini yake, na mnunuzi hana njia rahisi ya kujua.

Kwa Gamba, ugumu ni mkubwa kuliko kwa Bond, maana Bond anaweza kupewa adui yeyote, lakini Gamba alizaliwa kutokana na jambo mahususi. Musiba alimtuma kupigana upande wa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika wakati Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kamati iliyoundwa mwaka 1963 na kufungwa mwaka 1994 baada ya ubaguzi wa rangi kushindwa Afrika Kusini. Msisimko wa risasi na magari ulisimama juu ya imani, na imani hiyo ilikuwa ya kweli kwa mwandishi na kwa wasomaji wake. Mrithi atakayemtuma Gamba leo atalazimika kujibu, kwa jina lake mwenyewe, ni jambo gani sasa linalostahili mtu auawe kwa ajili yake, na ikiwa Gamba bado anaiamini serikali inayomtuma. Na maswali hayo hayana jibu katika karatasi za Musiba. Anaweza kufanya kama mwana wa le Carré na kutafuta pengo kati ya Kufa na Kupona na Kikosi cha Kisasi, miaka ile mitano ambayo ramani ya kusini mwa Afrika ilibadilika Msumbiji na Angola zilipopata uhuru mwaka 1975, na humo kuna nafasi ya kazi ya dhati. Au anaweza kumkubali Gamba aliyezeeka, ambaye akikadiriwa kuwa na miaka 30 mwaka 1974 sasa amepita 80, na kumweka mahali fulani ambako vijana wanamwuliza habari za vita ambavyo hawakuviona. Vyovyote atakavyochagua, atakuwa amekaa na wanawake wale karibu na mtoto, akilitaja jina kwa sauti na kusubiri. Na mtoto akinyamaza, yapo majina mengine ya kutajwa, na hilo lililonyamaziwa litarudi kuitwa tena katika kuzaliwa kwingine.